Mganga aliyejaribu kujiganga: Kim Ki-duk na filamu ya ‘Arirang’

WAHENGA walisema mganga hajigangi. Mwongozaji wa filamu wa Korea Kusini, Kim Ki-duk, aliamua kuijaribu hekima hiyo. Baada ya kukaa takriban miaka mitatu bila kutoa filamu yoyote, alijitenga katika nyumba duni mlimani, akaisimamisha kamera mbele ya uso wake na kuanza kujihoji. Matunda ya upweke huo ni “Arirang”, filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Cannes, nchini Ufaransa, mwezi Mei 2011.

Katika filamu hiyo Kim ndiye mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, mnasa sauti na mhariri. Yeye ndiye anayeuliza maswali na ndiye anayeyajibu. Hakuna fundi wa taa, hakuna msaidizi, wala hakuna mwigizaji mwingine isipokuwa paka mmoja anayeingia na kutoka.

Kim alifariki dunia Desemba 11, 2020 mjini Riga, Latvia, kwa ugonjwa wa UVIKO-19, siku chache kabla ya kutimiza umri wa miaka 60. Kati ya kutoka kwa “Arirang” na siku ya kifo chake, alipanda hadi kilele cha heshima katika sinema na kisha akaporomoka kwa tuhuma nzito. Kwa sababu hiyo, filamu aliyoitengeneza ili kujihukumu mwenyewe inazua swali zito zaidi leo kuliko wakati ilipotoka: je, mtu anaweza kuwa mshitakiwa, mwendesha mashitaka na hakimu katika kesi moja, na haki ikatendeka?

Kutoka kiwandani hadi Venice

Ili kuelewa anguko la Kim, hapana budi kwanza kuelewa mwendo wake. Alizaliwa mwaka 1960 katika eneo la Bonghwa, kusini mashariki mwa Korea Kusini. Hakusoma chuo chochote cha filamu. Akiwa kijana alifanya kazi viwandani, kisha akajiunga na kikosi cha wanamaji wa nchi hiyo na kutumikia kwa miaka mitano. Mwaka 1990 alikwenda Ufaransa, akawa anachora picha na kuziuza mitaani.

Filamu yake ya kwanza, “Crocodile”, ilitoka mwaka 1996. Tangu hapo alifanya kazi kwa kasi ambayo waongozaji wachache duniani wanaweza kuimudu. Kufikia mwaka 2008 alikuwa amekwishaongoza filamu 15, nyingi zikiwa za gharama ndogo na zilizopigwa kwa muda mfupi. Baadhi yake zilikuwa na maneno machache mno, na nyingi zilisheheni ukatili uliowafanya watazamaji kugeuza nyuso.

Nchini kwake watazamaji wake walikuwa wachache, na wahakiki wengi walimshutumu kwa namna alivyowachora wanawake. Ng’ambo mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2004 peke yake alitwaa tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Berlin kwa filamu ya “Samaritan Girl”, na katika tamasha la Venice kwa filamu ya “3-Iron”.

Mtu wa namna hiyo, anayetoa filamu moja au mbili kila mwaka, hana muda wa kuketi na kujiuliza anakokwenda. Kilichomsimamisha hakikuwa ukosefu wa fedha wala wa mawazo. Ilikuwa ni kamba.

Kitanzi kilichogeuka cha kweli

Wakati wa kupiga picha za filamu ya “Dream”, iliyotoka mwaka 2008, kulikuwa na tukio la mhusika mwanamke kujinyonga akiwa gerezani. Katika kazi za namna hiyo, mwigizaji hulindwa na vifaa ambavyo mtazamaji havioni, ili uzito wa mwili usiangukie shingoni. Siku hiyo mpango uliharibika. Mwigizaji alibaki ananing’inia kweli, akazimia, na kwa muda mfupi waliokuwapo hawakujua kama angeamka.

Aliokolewa na akapona. Filamu ikakamilika na kuonyeshwa kama ilivyopangwa. Lakini kwa maelezo ya Kim mwenyewe, hapo ndipo yeye alipovunjika. Kwa miaka 13 alikuwa amejenga jina lake juu ya taswira za maumivu: ndoana, makofi, damu na vifo. Sasa alikuwa amekaribia kumuua mtu kwa ajili ya taswira kama hizo.

Jeraha hilo lilikutana na mengine. Katika “Arirang”, Kim anasimulia jinsi wasaidizi aliowalea walivyomwacha na kuhamia kwenye kampuni kubwa za filamu. Mmoja wao alikuwa ameongoza filamu ya mwaka 2008 iliyotokana na muswada ulioandikwa na Kim. Kwa wengine huenda hilo ni jambo la kawaida katika biashara, kwamba kijana hukua na kuondoka. Kwa Kim ulikuwa usaliti, na anautamka hivyo bila kumung’unya maneno.

Hema ndani ya nyumba

Sehemu ya kwanza ya filamu haina mazungumzo mengi. Mtazamaji anaonyeshwa maisha ya kila siku ya mtu aliyeukimbia ulimwengu. Nyumba anamoishi ni baridi kiasi kwamba amesimamisha hema ndani ya chumba na kulala humo. Anachochea jiko la kuni. Anapika, anakula peke yake, anaosha vyombo. Nywele zimerefuka na visigino vyake vimepasuka.

Hata hivyo mikono yake haijatulia. Mtu huyu aliyewahi kufanya kazi viwandani anachonga vyuma na kuunganisha vifaa. Anajitengenezea mashine ya kahawa kwa mikono yake, na kahawa inatoka. Taswira hiyo inasema mengi kuliko maneno yatakayofuata, kwani inamwonyesha fundi ambaye bado anaweza kuunda kila kitu isipokuwa ile kazi moja anayoitambua kuwa ndiyo maisha yake.

Usiku husikika mlango ukibishwa. Kim anatoka kutazama, hakuna mtu. Anarudi ndani, na mlango unabishwa tena.

Hapa inafaa kueleza jambo la kiufundi lililoiwezesha filamu hii kuwapo. Katika miongo iliyotangulia, kutengeneza filamu inayofaa kuonyeshwa katika jumba kubwa la sinema kulihitaji kamera nzito, mikanda ya gharama kubwa na watu wa kuihudumia. Mwishoni mwa mwaka 2008 kamera za kidijitali za kupigia picha za mnato, ikiwamo Canon 5D Mark II aliyoitumia Kim, zilianza kurekodi picha za video za ubora wa juu. Kamera hiyo hubebwa kwa mkono mmoja. Kwa njia hiyo mtu aliyeshindwa kukabiliana na binadamu wenzake aliweza kutengeneza filamu bila kuwaomba msaada.

Kim watatu

Kisha mahojiano yanaanza, na hapo ndipo filamu inapopata umbo lake la pekee. Kim mmoja anauliza kwa ukali. Kwa nini hufanyi kazi? Kwa nini umejificha huku wakati watu wanasubiri filamu zako? Anamkaripia mwenzake kama mzee anavyomkaripia kijana mvivu. Kim wa pili anajibu huku akinywa soju, pombe kali ya Kikorea. Anajitetea, analalamika, anaeleza mkasa wa kitanzi na hatimaye analia kwa sauti.

Halafu anatokea Kim wa tatu. Huyu ameketi mbele ya kompyuta, amevaa vizuri zaidi, anaitazama picha ya yule anayelia. Hasemi neno. Wakati mwingine anatabasamu. Huyu ndiye mhariri, ambaye kazi yake ni kuamua machozi yabaki kwa sekunde ngapi. Kuna pahala hata kivuli chake ukutani kinashiriki katika mazungumzo.

Uamuzi wa kumwonyesha huyu wa tatu ndio unaoiokoa filamu isiwe kilio kitupu. Kwa kumwingiza, Kim anakiri kwamba toba inayofanywa mbele ya kamera ni kazi ya sanaa pia, na kwamba mtu anayelia kwa uchungu wa kweli anaweza wakati huohuo kupima kama kilio chake kitapendeza machoni pa watazamaji.

Ukweli au maigizo?

Swali hilo linatupeleka kwenye jambo linalowatatiza wengi kuhusu filamu za aina hii. Je, hii ni hali halisi au ni mchezo wa kuigiza?

Jibu fupi ni kwamba ni vyote viwili. Mtazamaji na azingatie jambo moja dogo. Kila mara Kim anapoonekana akiondoka na kutokomea mbali, ilimlazimu arudi kuichukua kamera. Anapofungua mlango kutazama nani anabisha, kamera ilikuwa imekwishawekwa mahali pake kumsubiri. Mtu aliye peke yake hawezi kushtukizwa na kamera yake mwenyewe.

Kadiri filamu inavyoendelea, mpaka huo unazidi kufifia. Kim anaunda bastola kwa mikono yake, kama alivyounda mashine ya kahawa. Anaendesha gari hadi mjini, anasimama kwenye majengo, anaingia, milio ya risasi inasikika, anatoka. Mwishoni anaigeuza silaha kumwelekea yeye mwenyewe, na mlio unasikika tena. Hakuna aliyekufa. Hayo ni maigizo, lakini yamewekwa ndani ya filamu ileile ambamo mwenye nayo amekiri makosa ya kweli. Mtazamaji anaachiwa mzigo wa kutenganisha kipi ni kiapo na kipi ni hadithi.

Baadhi ya waliohudhuria maonyesho ya Cannes waliona ujasiri usio wa kawaida. Wengine waliona mtu anayejipenda mno, anayejihurumia hadharani na kulipiza kisasi kwa waliomwudhi. Baraza la waamuzi la kitengo cha Un Certain Regard, lililoongozwa na mwongozaji Emir Kusturica, liliipa filamu hiyo tuzo yake kuu, iliyogawanywa kati yake na filamu ya Mjerumani Andreas Dresen.

Wimbo wa kupanda na kushuka

Jina la filamu halikuchaguliwa kwa bahati. “Arirang” ni wimbo wa kiasili unaojulikana na karibu kila Mkorea, wa Kusini na wa Kaskazini. Unahusu kuachana na kuvuka njia ya mlimani, na huimbwa kwa namna nyingi kulingana na eneo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2012 kwa ombi la Korea Kusini, na tena mwaka 2014 kwa ombi la Korea Kaskazini.

Wimbo huo umefungamana pia na historia ya sinema. Mwaka 1926, Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani, Na Woon-gyu alitengeneza filamu isiyo na sauti yenye jina hilohilo, ambayo ilikumbukwa kama sauti ya taifa lililonyimwa uhuru. Nakala zake zimepotea.

Kim anauimba wimbo huo akiwa amelewa, sauti ikikwaruza, hadi maneno yanageuka kuwa ukelele. Katika sehemu nyingine anaketi kutazama filamu yake ya mwaka 2003, “Spring, Summer, Fall, Winter... and Spring”, ambamo yeye mwenyewe aliigiza mtawa anayepanda mlima akikokota jiwe zito kama malipo ya makosa yake. Anayaona hayo na machozi yanamtoka. Miaka minane kabla alikuwa ameigiza toba. Sasa anaitafuta.

Mwingine aliyefungiwa

Katika tamasha hilohilo la mwaka 2011, watazamaji wa Cannes walioneshwa filamu nyingine ya mwongozaji aliye ndani ya kuta nne. Jafar Panahi wa Iran alikuwa amehukumiwa mwezi Desemba 2010 kifungo cha miaka sita na kupigwa marufuku kutengeneza filamu kwa miaka 20. Akisubiri rufaa yake, alijirekodi katika nyumba yake mjini Tehran, akishirikiana na Mojtaba Mirtahmasb, sehemu nyingine akitumia simu ya mkononi. Kazi hiyo aliiita “This Is Not a Film”, yaani hii si filamu.

Kuzilinganisha kazi hizi mbili kunasaidia kuona kilicho cha pekee kwa Kim. Panahi alitaka kufanya kazi na dola ikamzuia. Kim hakuzuiwa na yeyote. Mlinzi wa gereza lake alikuwa yeye mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Panahi alipotazama kamera, alizungumzia filamu ambayo hakuruhusiwa kuitengeneza na wahusika wake. Kim alipotazama kamera, alimwona Kim.

Dawa ilifanya kazi, kwa kiasi

Kwa kipimo cha kazi, tiba ilifaulu. Mwaka huohuo wa 2011 Kim alitoa filamu nyingine ndogo, “Amen”, aliyoipiga Ulaya. Septemba 2012 filamu yake ya “Pieta” ilitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha la Venice. Hakuna filamu ya Korea iliyokuwa imewahi kupata tuzo kuu katika mojawapo ya matamasha matatu makubwa ya Ulaya, yaani Cannes, Venice na Berlin. Jukwaani Kim aliimba “Arirang”.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kupendeza ya msanii aliyekwama, akajichungulia moyoni na kuinuka. Haikuishia hapo.

Mwaka 2017 mwigizaji mmoja wa kike aliwasilisha malalamiko dhidi yake kuhusu yaliyotokea wakati wa kutengeneza filamu ya “Moebius”, iliyotoka mwaka 2013. Alisema Kim alimpiga makofi na kumshurutisha kufanya tukio ambalo halikuwa kwenye muswada, na kwamba baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mwingine. Kim alijitetea kuwa kofi lilikuwa sehemu ya kumwelekeza namna ya kuigiza. Alitozwa faini ya won milioni 5 kwa shambulio hilo. Madai mengine yaliachwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Machi 2018, wakati harakati za wanawake kupinga udhalilishaji zikienea Korea Kusini, kipindi cha uchunguzi cha kituo cha televisheni cha MBC kilirusha tuhuma za waigizaji waliodai kudhalilishwa kingono na Kim. Alizikanusha, na hakuwahi kutiwa hatiani mahakamani kwa tuhuma hizo. Alifungua kesi ya madai dhidi ya mwigizaji na kituo hicho akidai fidia, na mwezi Oktoba 2020 akashindwa. Miaka yake ya mwisho aliishi na kufanya kazi nje ya nchi. Filamu aliyoiacha bila kukamilika ilimaliziwa na rafiki zake na kuonyeshwa Venice mwaka 2022.

Kilichokosekana kwenye kioo

Mtu anayeitazama “Arirang” baada ya kuyajua hayo yote hawezi kuitazama kama walivyoitazama watu wa Cannes. Ni vigumu kusema kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Huenda Kim alilia kwa dhati. Lakini malalamiko ya “Moebius” yanahusu kazi iliyofanyika baada ya machozi hayo, na mlalamikaji alikuwa tena mwigizaji wa kike aliye chini ya amri yake.

Ukiirudia filamu kwa utulivu, kuna sauti moja ambayo haisikiki kabisa. Ni ya mwanamke aliyening’inia kwenye kamba. Mkasa ni wake, shingo ni yake, lakini tunaujua kwa jinsi ulivyomwumiza aliyekuwa nyuma ya kamera. Kim anajiuliza maswali mengi: kwa nini hafanyi kazi, kwa nini wameondoka, kwa nini analia. Haulizi ni nini kinachopaswa kubadilika katika namna anavyowaongoza watu walio chini ya amri yake. Nyani haoni kundule, na kamera, hata iwe bora kiasi gani, huonyesha upande ule tu inakoelekezwa.

Hilo halipunguzi thamani ya filamu. Pengine linaiongeza, ingawa si kwa namna aliyoikusudia mwenyewe. “Arirang” inaonyesha kwa uwazi adimu jinsi sanaa inavyoweza kumrudisha mtu kazini, na pia mahali inapokomea. Kim alibishiwa mlango usiku, akatoka, akatazama gizani, akarudi ndani akisema hakuna mtu. Miaka saba baadaye watu walibisha tena.